Kilo, Shilingi na Saa: Data za Jedwali Zihakikiwe Wapi?

Anayetengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya ghala, duka la vifaa vya ujenzi au skuli hapa Zanzibar hafiki mbali kabla ya kukutana na jedwali. Karani anaandika kwenye seli, programu inapokea. Hapo ndipo linapozuka suali ambalo kila mmoja wetu hulijibu kwa mazoea yake: ukitaka safu ya kilo ipokee namba tu na safu ya tarehe ipokee tarehe tu, ukaguzi uuweke wapi? Kwenye kitufe kinapobonyezwa? Karani anapotoka kwenye seli? Anapomaliza mstari? Au uiachie hifadhidata ikatae yenyewe?

Nitazilinganisha njia hizo nne, kisha nigusie vifaa vyenyewe, maana DataGridView na DataGrid ya WPF (majedwali ya programu za Windows), JTable (ya Java) na Qt (ya C++) hazikutengenezwa na watu wenye rai moja. Mfano nitakaoushika ni ghala la kununulia mwani mkavu huko Pemba, lenye karani mmoja, mizani moja na foleni ya akina mama wenye viroba. Jedwali lake lina tarehe na saa ya kupokea, jina la mkulima, simu, shehia, aina ya mwani, idadi ya viroba, kilo, bei ya kilo, jumla na tarehe ya malipo. Karibu kila safu hapo ina mtego wake.

Asiye na muda achukue rai yangu mapema. Aina ya data ihakikiwe karani anapotoka kwenye seli. Uhusiano wa seli na seli uhakikiwe anapotoka kwenye mstari. Hifadhidata iwe na neno la mwisho. Kuzuia vitufe kuachiwe safu moja au mbili tu. Na kosa lioneshwe kwa rangi na maneno, bila ya kumfungia karani ndani ya seli. Hilo la mwisho ndilo ninalobishana na wenzangu zaidi, nitalirejea.

Kuzuia kitufe

Njia hii inapendwa kwa sababu inaonekana. Mwenye ghala akija kuoneshwa programu, unabonyeza herufi kwenye safu ya kilo na hakuna kinachoandikika. Anaridhika papo hapo. Kwenye DataGridView, jedwali la Windows Forms lililokuja na .NET Framework 2.0 mwaka 2005, hilo hufanywa kupitia tukio (event) la EditingControlShowing: unakikamata kisanduku cha kuandikia na kukipachika kazi (function) ya KeyPress, inayoamka kila kitufe kinapobonyezwa na kukataa kila kisicho tarakimu.

Tatizo la kwanza ni kwamba kisanduku kile hakiundwi upya kwa kila seli. Jedwali hukitumia kisanduku kile kile kwa safu zote za maandishi. Usipoiondoa ile kazi kabla ya kuipachika tena, safu ya jina la mkulima nayo itaanza kukataa herufi, na karani atakupigia simu kukwambia kwamba programu imeharibika leo wakati jana ilikuwa nzima.

La pili ni kubandika. Ctrl+V hupita kama herufi ya amri, na vichujio vingi vinaziruhusu herufi za amri ili kitufe cha kufutia kifanye kazi. Kubandika kwa kitufe cha kulia cha kipanya hakuamshi KeyPress kabisa. Kwa hivyo ukuta wote ule, na maneno "kilo kumi na mbili" yanaingia kwa mlango wa nyuma.

La tatu ndilo zito: kitufe kimoja hakijui habari za neno zima. Nukta ni halali, lakini 12.5.3 si halali. Anayekaa kwenye KeyPress akitaka kuyajua hayo ataishia kuandika msimbo mrefu kuliko ule wa kusoma namba, tena wenye mianya.

Naikubali njia hii kwa idadi ya viroba: namba kamili, tarakimu tatu kwa wingi wake, haina nukta wala mkato. Basi.

Na simu? Wengi huiweka kwenye kundi la namba. Simu si namba, ni maandishi yaliyojaa tarakimu. Ukiitangaza safu yake kuwa ya namba, sifuri ya mbele inakatika na 0777 inabaki 777. Mwengine ataandika +255 na namba yako ama itakataa, ama itaipoteza ile alama ya +. Itangaze kuwa maandishi, karani akitoka kwenye seli ondoa nafasi na vistari, kisha angalia: ama tarakimu kumi zinazoanza na sifuri, ama +255 ikifuatiwa na tarakimu tisa. Hakuna mtu atakayejumlisha simu za wakulima.

Kutoka kwenye seli

Hapa ndipo penye mambo, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi. Karani anaandika atakavyo, akibonyeza Enter au Tab tukio la CellValidating linaamka, nawe unapata maandishi yote kama yalivyo ndani ya FormattedValue. Unayajaribu kwa TryParse, amri inayojaribu kuyasoma maandishi kama namba au tarehe. Yakisomeka, yapite, yasiposomeka, unatoa ilani.

Inaonekana rahisi. Sasa tazama nini kinatokea kwa kilo. Msomaji wa decimal (aina ya namba yenye desimali) katika .NET, usipomwekea masharti, hufuata mpangilio wa lugha na nchi uliowekwa kwenye Windows, na huruhusu alama ya kutenganisha maelfu bila ya kuangalia kama imekaa mahala pake. Matokeo yake ni haya:

| Karani ameandika | Windows yenye mpangilio wa Uingereza | Windows yenye mpangilio wa Ujerumani |
|---|---|---|
| 12.5 | kumi na mbili na nusu | mia na ishirini na tano |
| 12,5 | mia na ishirini na tano | kumi na mbili na nusu |
| 1,250 | elfu moja mia mbili na hamsini | moja na robo |
| 12.5kg | inakataa | inakataa |

Mstari wa pili ndio wa kutisha. Karani ameweka mkato badala ya nukta, kama wengi wanavyoandika kwa mkono, na programu haikulalamika hata kidogo: kilo 12 na nusu zimekuwa kilo 125 na ghala linamlipa mkulima mara kumi. Ukaguzi wa aina ya data umepita salama, kwa sababu 125 ni namba. Na kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya ikabaki na mpangilio wa kule inafanya kosa hilo kwa upande wa pili, karani akiandika kwa usahihi kabisa.

Sasa linganisha na safu ya bei, ambayo wengi huisoma kwa int, aina ya namba kamili. Msomaji wa int wa .NET kwa kawaida haruhusu alama ya maelfu. Karani akiandika 12,500 kama anavyoiona kwenye risiti zote za nchi hii, anakataliwa. Yaani palipo na kosa programu inanyamaza, na palipo sawa inapiga kelele. Dawa yake ni moja kwa safu zote mbili: usiite TryParse tupu. Mtajie mpangilio wa namba unaoutaka wewe, si wa Windows, na mtajie NumberStyles, yaani alama zipi zinaruhusiwa. Kwa kilo, ruhusu nukta ya desimali na ukatae maelfu, ili 12,5 igome badala ya kugeuka 125. Kwa shilingi, ruhusu maelfu na ukatae desimali, maana hakuna anayelipwa senti.

Tarehe nayo ina tabia ya kinafiki. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi. Karani akiandika 15/3/2025 inakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tano; akiandika 5/3/2025 inakubali na kuihifadhi kama tarehe tatu Mei. Kwa siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi programu inaharibu tarehe kimya kimya, kisha kuanzia tarehe kumi na tatu inaanza kukataa, na kila mtu anadhani tatizo limeanza siku hiyo. Hapa TryParseExact ndiyo ya kuchagua, ukiitajia muundo wa siku, mwezi, mwaka.

Halafu kuna saa. Karani wa Pemba akipokea mzigo asubuhi, saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika ishirini, naye anaandika 3:20. Kwa kompyuta hiyo ni alfajiri, kabla hata mwadhini hajaamka. Aina ya data ni sahihi, thamani imekosea kwa saa sita, na hakuna TryParse ya dunia hii itakayoligundua hilo. Wasomaji wa saa waliomo ndani ya .NET hawakutengenezwa kwa kuhesabu saa kutoka machweo na macheo. Itabidi uiandike mwenyewe. Mimi huchagua kuweka orodha ndogo pembeni ya saa: asubuhi, mchana, jioni, usiku; programu ndiyo inayogeuza saa kwa mujibu wa chaguo hilo. Wapo wanaopendelea kumfundisha karani saa za Kizungu. Wanaweza, lakini mwezi wa pili ataandika anavyosema. Njia iliyo bora kuliko zote mbili, pale mzigo unapoandikwa ukiwa mizanini, ni kutomuuliza saa kabisa: ichukue kutoka kwenye kompyuta. Na kama unatumia TimeSpan, aina ya .NET ya kuhifadhia muda, jua kwamba 3 peke yake husomwa kuwa siku tatu, si saa tatu.

Sasa lile la kumfungia karani. Ndani ya CellValidating ukiweka e.Cancel = true, mshale hautoki kwenye seli mpaka kosa lirekebishwe au abonyeze Esc. Watengenezaji wengi wanaiona hii ni nidhamu. Nenda ukasimame nyuma ya karani mwenye foleni mbele yake. Kilo imesomeka vibaya kwenye kijikaratasi, mwenye mzigo ametoka nje mara moja, na mkulima wa pili keshaweka kiroba mizanini. Karani anataka kuuacha ule mstari na kuanza mwengine. Programu inamkatalia, wakati mwengine inamkatalia hata kulifunga dirisha. Atafanya nini? Ataandika 1, au 0, apite. Umepata namba safi kabisa ambayo ni uongo.

Kwa hivyo nafasi ya e.Cancel naiweka ErrorText. Seli inapata alama nyekundu, ukiisogezea mshale unasoma "Kilo ziandikwe kwa tarakimu na nukta, mfano 12.5", na kazi inaendelea. Angalau hivyo kosa linabaki linaonekana. Kumbuka tu kwamba seli iliyofungwa (yaani iliyounganishwa) kwenye safu ya decimal haiwezi kubeba maandishi mabovu. Ukitaka yabaki yakionekana, jedwali la kuandikia liwe la maandishi na usomaji wa namba uje baadae. Nitaeleza chini.

Mambo mawili ya kiufundi kabla ya kupita. CellValidating huamka hata seli isipoguswa, ilimradi mshale umepita juu yake. Usipoangalia kama ni ule mstari mtupu wa mwisho, utamkaripia karani kwa seli ambazo hajakusudia kuzijaza. Na thamani inayowekwa na msimbo wako mwenyewe haipiti hapo kabisa, kwa hivyo ukiandika kazi yako ya kubandika mistari kutoka Excel, ukaguzi uuite wewe.

Kutoka kwenye mstari

Kuna maswali ambayo seli moja haiwezi kuyajibu. Mwani wa cottonii hununuliwa kwa bei ya juu kuliko wa spinosum. Bei iliyoandikwa ni ya aina gani? Tarehe ya malipo imetangulia tarehe ya kupokea? Kilo zimejazwa na aina imeachwa wazi? RowValidating ndiyo mahala pake, kwa sababu hapo mstari mzima upo mbele yako, na karani hakulazimika kujaza safu kwa mpangilio ulioutaka wewe.

Ama jumla, usimpe karani. Safu inayohesabika ifungwe isiandikike. Nimeona programu inayomruhusu mtu aandike kilo, bei na jumla, kisha inakagua kama hesabu inalingana. Huko ni kumtafutia mtu kosa.

Uzuri mwengine wa mstari ni umeme. Wapo wanaosubiri karani amalize ukurasa mzima, abonyeze Hifadhi, ndipo wakague na kuandika kwenye hifadhidata kwa mkupuo. Kwa kisiwa kinacholetewa umeme kwa waya chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, siishauri. Na anayeikumbuka Unguja ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, hahitaji kuelezwa. Mstari ukikamilika uandikwe hapo hapo.

Ukiandika mstari mmoja mmoja, suali linakuja: na wenye kosa? Hapa natenganisha kuhifadhi na kukubali. Mstari wowote unahifadhiwa kwenye jedwali la mapokezi ghafi ambalo safu zake zote ni maandishi, ukiwa na alama ya haujakamilika. Ukipita ukaguzi wote ndipo unahamia kwenye jedwali la malipo, lenye aina kali. Hakuna mkulima anayelipwa kwa mstari mwekundu, na hakuna alichoandika karani kinachopotea. Ni kazi zaidi kuliko jedwali moja. Kwa ghala lenye foleni, inalipa. Kwa daftari la ada za skuli ambapo mhasibu anaandika kwa utulivu, si lazima.

Kuiachia hifadhidata

Wapo wanaosema: safu ni ya namba, hifadhidata itakataa herufi, mimi nihangaike nini? Inategemea hifadhidata ipi, na hapa wengi hushtuka.

SQLite, ambayo ndiyo tunayoipenda kwa programu za kompyuta moja kwa sababu ni faili tu, haikatai. Ukitangaza safu kuwa INTEGER na ukaitumia maneno "kumi na mbili", inayahifadhi kama maandishi bila ya ubishi. Ndivyo ilivyokusudiwa iwe. Tangu toleo 3.37.0 la Novemba 2021 kuna jedwali la STRICT. Ukiliandika neno hilo mwishoni mwa tangazo la jedwali, aina zinaheshimiwa. Kwa kazi mpya sioni sababu ya kuliacha.

MySQL kabla ya toleo 8.0.16 ilikuwa inalisoma sharti la CHECK na kulipuuza. Kama mteja wako bado anatumia MySQL ya zamani iliyokuja na kifurushi fulani, sharti la kilo kuwa zaidi ya sifuri huenda lipo kwenye karatasi tu. PostgreSQL ni kali zaidi, ingawa nayo ina lake: safu ya numeric(10,3) ikipewa desimali nne, haikatai, inaikadiria iwe desimali tatu.

Kali au legelege, kasoro ya kuitegemea peke yake ni moja: inasema kwa kuchelewa, kwa Kiingereza, na kwa jina la safu ambalo karani halijui. DataGridView iliyofungwa kwenye data yenye aina, ikipewa kisichosomeka bila ya wewe kushughulikia tukio la DataError, humtolea karani dirisha refu la maneno ya kiufundi. Kwa mtu wa ghalani dirisha hilo lina maana moja tu, kwamba kompyuta imekufa.

Kitu kimoja, lakini, ni cha kuamua hapa hapa na si kwingine: ukubwa wa namba. Hesabu za shilingi yetu hukua haraka. Int ya biti 32 mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa karafuu, tukichukua bei ya mfano ya shilingi 14,000 kwa kilo, jumla hiyo inafikiwa kwa tani zipatazo 153 tu. C# kwa kawaida haikwambii kwamba imefurika. Inakuletea deni la kuchusha, namba hasi. Mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa dola hautokuonya. Shilingi ziweke kwenye long (namba kamili ya biti 64) au decimal, BIGINT kwenye hifadhidata (kwa SQLite ya STRICT ni INTEGER), na kilo kwenye decimal. Double, aina nyengine ya namba yenye desimali, iache, kwa sababu 0.1 ukijumlisha 0.2 kwenye double haiwi 0.3 kamili, na mwisho wa mwezi mhasibu atakuuliza.

Vifaa vyenyewe

DataGridView nimeshaisema sana. Nyongeza moja: safu isiyofungwa kwenye data, usipoitajia ValueType, huhifadhi kila anachoandika karani kama maandishi, hata kama yanaonekana namba. Utaligundua siku utakayopanga kilo kwa ukubwa na kukuta 100 imetangulia 20.

WPF, ambayo DataGrid yake imo ndani tangu .NET 4 ya mwaka 2010, ina mpango bora zaidi: sheria zinakaa kwenye data yenyewe kupitia INotifyDataErrorInfo, na jedwali linachora mpaka mwekundu bila ya wewe kuandika tukio hata moja. Nikianza upya leo kwa Windows, ndiyo ninayoichagua. Ila tabia zake mbili zijulikane. Mosi, ufungaji wake wa data hutumia Kiingereza cha Marekani hata Windows ikiwa na mpangilio mwengine, mpaka uibadilishe Language. Kwa hivyo tarehe iliyokuwa sawa kwenye Windows Forms inaweza kugeuka ukihamia huku. Pili, seli ikiwa na kosa, mistari mengine haihaririki mpaka urekebishe au ufute uliloandika. Kile kifungo nilichokilalamikia kwenye e.Cancel hapa kimo tangu kiwandani. Njia ya kukikwepa ni ile ile: mpe jedwali mali (property) ya maandishi, isome namba mwenyewe. Na usiweke UpdateSourceTrigger kuwa PropertyChanged kwenye mali ya double, kwani tangu .NET 4.5 karani akibonyeza nukta, haiingii.

JTable ya Java ni ya zamani kuliko hizo mbili, na kwa jambo moja inanifurahisha. Ukiirekebisha getColumnClass irejeshe Double, unapata bure kihariri kinachochora mpaka mwekundu na kugoma kutoka kwenye seli, na 12,5 inakataliwa badala ya kugeuka 125, kwa sababu Java hapo haifuati mpangilio wa nchi. Usipoirekebisha, safu zote ni Object na kila kitu kinapita. Kichekesho chake: Double ya Java hukubali 12d na 12f kama namba halali. Karani akigusa d kwa bahati mbaya, haina madhara.

Qt hufuata fikra tofauti. Haikungoji ukosee, inachagua kihariri kulingana na aina ya data, na kwa namba ya desimali inakuletea QDoubleSpinBox, kisanduku ambacho herufi haziingii kabisa. Ni kuzuia kitufe kulikofanywa sawasawa, na kubandika nako kumezuiwa. Tahadhari ni kwamba kwa kawaida kinaonesha desimali mbili. Mizani ikisoma 12.375, mtu akiifungua seli na kuifunga umepoteza gramu. Andika delegate yako, yaani msimbo unaoleta kihariri cha seli, weka desimali tatu. Wanaotumia QDoubleValidator, kichujio cha Qt cha namba, badala yake wakumbuke kuibadilisha iwe StandardNotation, la sivyo 1e5 itapita, na hiyo ni kilo laki moja.

Safu zisizohitaji kuandikwa

Aina ya mwani haina haja ya ukaguzi wowote: ni orodha ya kuchagua. Shehia vilevile, tena zaidi. Karani akiandika Kiuyu, ni Kiuyu Mbuyuni, Kiuyu Kigongoni au Kiuyu Minungwini? Maandishi ni halali, aina ni halali, na mzigo umehesabiwa wilaya nyengine. Orodha inalimaliza hilo. Ila kwenye DataGridView safu ya orodha ikikutana na thamani ya zamani isiyomo, mfano hiyo Kiuyu tupu ya mwaka juzi, inaamsha DataError kwa kila mstari unaoonekana. Safisha data za zamani kabla ya kuibadilisha safu.

Tarehe wengi huiwekea kalenda ya kubofya. Inapendeza, na inamchelewesha karani anayeandika kwa tarakimu bila ya kutazama kibodi. Mimi naacha aandike, kalenda iwepo kwa anayeitaka.

Nani achukue ipi

Mhasibu mmoja, kompyuta moja, mistari michache kwa siku: usiandike programu. Access inatosha, aina za safu ziko kwenye jedwali, sharti lina nafasi yake ya kuandika ujumbe, na ujumbe huo unauandika kwa Kiswahili. Excel siiweki kundi moja nayo, kwa kuwa masharti yake ya uhakiki hupotea mtu akibandika juu yake.

Ghala lenye foleni na karani anayeandika akiwa amesimama: WPF au Windows Forms, ukaguzi wa seli usiofunga, ukaguzi wa mstari unaoamua kama mzigo ulipwe, jedwali ghafi nyuma, SQLite ya STRICT chini yake. Kama mizani ina waya wa kuunganishia, soma kilo moja kwa moja na uifunge safu isiandikike. Safu hiyo imetoka kwenye hesabu ya mitego.

Anayepokea orodha kwa simu kutoka vituo vya mbali na kuzibandika kwa mamia, kutoka Excel za watu mbalimbali: vitufe havina maana yoyote kwake, na matukio ya seli hayaamki. Huyo ajengewe hatua ya pembeni ya kupakia faili, isome kila mstari kwa masharti yale yale ya NumberStyles na muundo wa tarehe, iingize iliyopita na kurejesha iliyokataliwa katika faili la pili, sababu ikiwa imeandikwa kwenye safu ya mwisho. Faili hilo analituma kituoni lilikotoka, na wao ndio wanaorekebisha, kwa sababu wao ndio wenye kijikaratasi cha mizani.